Sauti inakatika katikati ya ziara: mwimbaji aendelee au asimame?

*"Mimi ndiye mwimbaji mkuu wa bendi ya roki ya watu wanne. Albamu yetu mpya imetoka, nasi tumeanza ziara ya nchi kadhaa kuitangaza, tukipiga karibu kila usiku na kusafiri mchana kwa basi au ndege. Tangu onyesho la nne naamka nikiwa nimepwewa na sauti. Nikiongea, sauti ni nzito kuliko kawaida, na zile noti za juu za viitikio, ambazo studio nilizipata bila shida, sasa hazitoki nikiimba kwa upole. Zinatoka tu nikipaza sauti kwa nguvu. Sisikii maumivu. Wenzangu wananipa asali na ndimu, wananishauri ninong'one mpaka jioni, na mmoja wao ana vidonge vya steroidi alivyoandikiwa mwaka jana ambavyo anasema vitaniokoa. Bado tuna wiki tatu za maonyesho. Je, nikiendelea nitaiharibu sauti yangu moja kwa moja, au huu ni uchovu wa kawaida utakaopita?"*

Ndugu msomaji, nitakupunguzia wasiwasi mmoja na kukuongezea mwingine. Sauti kuchakaa katika siku za mwanzo za ziara si jambo la ajabu kwa waimbaji wa roki, na mara nyingi chanzo chake ni uvimbe ambao hupungua wenyewe ukipewa nafasi. Hata hivyo, katika maelezo yako kuna jambo ambalo siwezi kulipita hivi hivi: noti za juu zimepotea unapoimba kwa upole, ilhali ukipaza sauti zinatoka. Hiyo ni dalili ambayo sisi tunaohudumia waimbaji huiulizia mapema kabisa, kwa sababu inaashiria kwamba kingo za nyuzi za sauti zimevimba au zimeanza kubadilika umbo, na hakuna anayeweza kujua zimebadilika kiasi gani bila kuzitazama. Kwa hiyo, kwa ufupi, huenda usihitaji kuvunja ziara, lakini hupaswi kuendelea nayo kama ilivyopangwa, na vidonge vya mwenzako avihifadhi mwenyewe.

Ili uone kwa nini ninaitilia mkazo dalili hiyo moja, inafaa kujua kinachotendeka ndani ya zoloto, ile sehemu inayochomoza mbele ya shingo. Humo mna mikunjo miwili midogo ya nyama, ambayo ndiyo hizo nyuzi za sauti, yenye urefu wa kati ya sentimita moja na mbili hivi kwa mtu mzima, ambayo hukutana katikati tunapotoa sauti. Hewa ya mapafu inapopita kwa msukumo, mikunjo hiyo hufunguka na kufunga kwa kasi kubwa sana. Ukiimba ile noti ya A ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia ala zao, inagongana mara 440 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba ukijumlisha noti kama hiyo katika viitikio mpaka ifikie dakika moja kamili, nyuzi zako zimegongana zaidi ya mara 26,000. Kadiri unavyopaza sauti, ndivyo zinavyogongana kwa nguvu zaidi. Juu ya msuli wa kila mkunjo kuna tabaka laini mno, lenye majimaji, na hilo ndilo linalotikisika na kuipa sauti yako uzuri wake. Tabaka hilo likipigwa usiku baada ya usiku bila kupumzika, majimaji hujikusanya ndani yake na ukingo hunenepa.

Ukingo ulionenepa ni mzito, na kitu kizito hutikisika polepole, ndiyo maana sauti yako ya kuongea imeshuka. Vilevile ukingo huo haukutani sawasawa na mwenzake, hivyo hewa huvuja na sauti hukwaruza. Kisha linakuja lile unalolieleza mwenyewe: ili kuutikisa ukingo mzito katika noti ya juu, hewa ya upole haitoshi tena, hivyo mwili unasukuma zaidi, noti inatoka, na hadhira inashangilia. Lakini msukumo huo huo ndio unaoongeza uvimbe, na usiku unaofuata utahitaji kusukuma zaidi kidogo kwa noti ile ile. Mwimbaji anayejipima kwa swali la kama noti bado inatoka hujidanganya kwa muda mrefu, kwa kuwa noti ya nguvu huwa ya mwisho kupotea. Inayotangulia kuondoka ni noti ya upole.

Umeshangaa pia kwamba studio hukupata taabu. Usidhani kwamba umedhoofika au kwamba albamu ilikudanganya. Studio huimbi wimbo mzima kwa pumzi moja. Huimba mstari, ukasimama, ukanywa maji, ukarudia, na fundi akachagua kipande kilicho bora. Ufunguo wa wimbo nao huchaguliwa siku ambayo sauti iko katika hali yake nzuri kabisa, na mara nyingi husogezwa juu kidogo ili kiitikio kiwe na moto. Ziara inadai vilele vyote hivyo kwa pamoja, kwa saa moja na nusu, kila usiku, baada ya safari. Albamu mpya ina hatari yake ya pekee: nyimbo za zamani mwili umeshazijua na umepata njia za mkato, ila hizi mpya bado unaziimba kwa nguvu zote, tena mbele ya watu unaotaka wazipende.

Sasa nije kwenye ushauri wa wenzako, ambao umetolewa kwa nia njema. Asali na ndimu havina ubaya, lakini havigusi nyuzi za sauti. Unapomeza chochote, njia ya hewa hujifunga ili usipaliwe, na kinachomezwa hupita nyuma yake kuelekea tumboni. Kama kinywaji kingegusa nyuzi zako, ungekohoa mpaka machozi yakutoke. Maji husaidia kwa njia nyingine, yaani kwa kuulowesha mwili mzima, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo maji ya onyesho la jioni hunywewa tangu asubuhi. Kinachofika kwenye nyuzi zenyewe ni hewa unayovuta, na hapo mvuke wa maji ya moto ukivutwa taratibu una faida ya kweli, hasa baada ya safari ya ndege, ambako unyevu wa hewa mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Pipi za mentholi hukupa hisia ya ubaridi bila kupunguza uvimbe. Dawa za kupuliza zinazotia ganzi kooni ni mbaya zaidi, kwa kuwa huzima onyo lolote ambalo koo lingekupa.

Kunong'ona nako si kupumzika. Watu wengi wakinong'ona kwa nguvu ili wasikike hukaza zoloto kuliko wanapoongea kawaida. Ukitaka kupumzisha sauti, nyamaza. Ukilazimika kusema, sema kwa sauti yako ya kawaida, kwa kiasi kidogo, karibu na anayekusikiliza. Na kukosa maumivu kusikufariji mno: uvimbe, vinundu (vijivimbe vigumu kwenye kingo za nyuzi), na hata mshipa mdogo wa damu kupasuka kwenye ukingo wa nyuzi mara nyingi hutokea bila maumivu yoyote.

Kuhusu steroidi nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo nimeona waimbaji wakijiponza. Ni kweli kwamba dawa kama prednisoloni hupunguza uvimbe haraka, na kuna nyakati ambapo daktari, baada ya kuziona nyuzi, humwandikia mwimbaji dozi ya siku chache ili avuke onyesho moja muhimu. Neno zito katika sentensi hiyo ni "baada ya kuziona". Dawa haiponyi chanzo. Inaondoa dalili, nawe unapanda jukwaani ukijisikia mzima na kuimba kwa nguvu kamili juu ya jeraha ambalo halijapona. Ikiwa chanzo si uvimbe tu bali mshipa uliopasuka, kuimba juu yake kunaweza kuacha kovu, na kovu likishaingia kwenye lile tabaka laini, sauti hukosa wepesi wake kwa namna ambayo hata upasuaji haurekebishi kikamilifu. Zaidi ya hayo, vidonge hivyo viliandikwa kwa mwili mwingine na kwa tatizo jingine. Vinaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kuharibu usingizi ambao ziarani tayari ni haba, na kuficha maambukizi.

Kuna dawa nyingine ambayo hukuitaja, ila naiogopa kwa kuwa imejaa kwenye mabegi ya wasafiri: aspirini. Kidonge kimoja hupunguza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu, na athari hiyo huisha baada ya siku 7 hadi 10, wakati mwili umeshatengeneza chembe mpya. Ibuprofeni hufanya jambo la namna hiyo kwa muda mfupi zaidi. Kwa mtu anayegonganisha nyuzi zilizovimba kila usiku, kuongeza uwezekano wa kuvuja damu si busara. Kichwa kikiuma, parasetamoli inafaa zaidi. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako.

Sasa tutazame jukwaa lenyewe, kwani nashuku nusu ya tatizo lako iko huko. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia, na kwamba hujirekebisha kelele zikiisha. Mwimbaji wa roki anafanya kazi akiwa amezungukwa na kelele: matoazi yako mgongoni, amplifaya za gitaa ziko ubavuni, na kama monita, yaani spika iliyo miguuni pako, hairudishi sauti yako juu ya hayo yote, mwili wako utaitafuta sauti hiyo kwa kusukuma. Unaweza kuapa kwamba leo utaimba taratibu, na bado ukasukuma tangu wimbo wa pili. Dawa ya hili haiko kooni. Mwambie fundi sauti apandishe sauti yako katika monita na ashushe gitaa. Na kama bajeti inaruhusu, tumieni vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa masikioni, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiwa navyo, usichomoe kimoja ili usikie hadhira, maana utarudia kusukuma huku sikio lililobaki likipandishiwa sauti hadi kiwango cha hatari.

Pia hesabu saa zako za nje ya wimbo. Mahojiano ya redio asubuhi, mazungumzo ndani ya basi au ndege inayonguruma, kujaribu mitambo mchana kwa sauti kamili, kisha baada ya onyesho kusalimiana na mashabiki kwenye ukumbi ambao muziki bado unapigwa: mwimbaji anaweza kutumia sauti nyingi humo kuliko jukwaani. Ninyi ni wanne, nawe si lazima uwe msemaji. Mpiga besi anaweza kujibu maswali kuhusu albamu, na mashabiki huridhika kwa picha na saini.

Je, uendelee? Njia ya kwanza, yaani kupiga maonyesho yote yaliyobaki vilevile kama yalivyopangwa, siipendekezi kabisa. Njia ya pili ni kupunguza uzito bila kufuta chochote, nayo ina nafasi kubwa kuliko waimbaji wengi wanavyoamini. Shusheni ala kwa nusu toni, au toni nzima kwa zile nyimbo mbili au tatu zinazokukaba. Bendi kubwa za roki hufanya hivyo siku zote, na wasikilizaji wachache mno hutambua. Msifuatanishe nyimbo nzito. Wekeni kati yake wimbo wa chini au kipande cha ala tupu. Kiitikio cha mwisho waachie waitikiaji na hadhira. Kwa mwimbaji mwenye nyuzi nzima mabadiliko haya yanatosha, lakini kwa aliyekwisha kuvimba huenda yasitoshe bila mapumziko.

Ndiyo maana nakuelekeza kwenye njia ya tatu: ahirisheni onyesho moja au mawili sasa, ukae kimya kwa siku hizo, upimwe, kisha mrudi na ratiba isiyokufanya uimbe zaidi ya siku mbili mfululizo. Najua kuahirisha kunaumiza mfuko na jina, na promota hatafurahi. Hata hivyo, maonyesho mawili yaliyoahirishwa mapema ni hasara ndogo kuliko ziara nzima iliyokatika. Bendi ya roki ya Marekani, Aerosmith, walianza ziara yao ya kuaga mwezi Septemba 2023, na katika onyesho la tatu mwimbaji wao, Steven Tyler, akaumia nyuzi za sauti. Kwanza maonyesho yaliahirishwa kwa muda mfupi, kisha ikabainika kwamba zoloto lenyewe lilikuwa limevunjika, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kwamba haitafanya ziara tena. Jeraha lile ni la nadra, na sisemi kwamba wewe unaelekea huko. Upande wa pili yuko mwimbaji Mwingereza Adele, ambaye mwaka 2011 alifuta maonyesho yake ya Marekani, akafanyiwa upasuaji wa nyuzi huko Boston mwezi Novemba, akanyamaza kama alivyoagizwa, na Februari 2012 akaimba kwenye tuzo za Grammy. Mara nyingi aliyesimama kwa wakati hurudi.

Mazoezi nayo yana nafasi, mradi usiyafanye mbadala wa mapumziko. Kabla ya kuimba, na tena baada ya kushuka jukwaani, imba kwa sauti ndogo kupitia mrija mwembamba wa kunywea, ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika tano hivi. Hewa inayozuiwa na mrija hurudisha msukumo nyuma kidogo, hivyo nyuzi hutikisika bila kugongana kwa nguvu. Usile mlo mzito na kulala papo hapo baada ya onyesho, kwa sababu tindikali ya tumbo ikipanda usiku huwasha zoloto. Subiri kwa muda wa saa tatu ikiwezekana. Moshi wa aina yoyote, naamini, sihitaji kuujadili.

Kila siku, nusu saa baada ya kuamka na tena kabla ya kujaribu mitambo, jipime: imba kipande kifupi cha wimbo rahisi kwa sauti ndogo kabisa, ukikipandisha hatua kwa hatua, na uandike noti ambayo sauti inachelewa kuanza au inatoka na hewa. Usijilazimishe kuivuka. Noti hiyo ikipanda siku hadi siku, uvimbe unapungua. Ikibaki palepale baada ya siku mbili au tatu za ukimya, au ikishuka, usipande jukwaani kabla ya kuonwa.

Kuna hali ambazo hazisubiri hata siku moja. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha kuimba hapo hapo, usiseme tena, na utafute daktari siku hiyo hiyo, kwani huenda mshipa umepasuka. Ukitema damu, ukishindwa kumeza, au ukisikia mluzi au ugumu unapovuta pumzi, nenda hospitali mara moja. Kwa mtu yeyote, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki nne inahitaji uchunguzi wa zoloto. Kwa mtu anayekula kwa sauti yake, wiki nne ni nyingi mno.

Anayefaa kukuona ni daktari wa masikio, pua na koo, na ikiwezekana yule anayeshughulikia sauti kwa karibu, mwenye kamera na taa ya stroboskopi. Taa hiyo huwaka na kuzima kwa mpigo unaotofautiana kidogo na mtikisiko wa nyuzi, hivyo daktari huziona kana kwamba zinatembea polepole, na uvimbe, kinundu au damu hujitokeza wazi. Kamera hupitishwa mdomoni au puani, haichukui muda mrefu, na haina haja ya kuogopwa. Inafurahisha kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuziona nyuzi zake zikitenda kazi hakuwa daktari bali mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliyetumia vioo na mwanga wa jua mwaka 1854. Ikiwa utaambiwa una vinundu, usikate tamaa: vingi hupungua kwa tiba ya sauti bila kisu, ingawa huchukua wiki au miezi. Polipu (kinyama laini kinachoota kwenye ukingo) au mshipa unaorudia kupasuka ndivyo vinavyoelekea zaidi kwenye upasuaji.

Unapokwenda, beba rekodi ya albamu na rekodi ya onyesho la karibuni, orodha ya nyimbo pamoja na funguo zake, ratiba iliyobaki, na majina ya dawa zote ulizomeza, hata za mafua. Mwulize daktari swali mahususi: si "niimbe au nisiimbe", bali niimbe maonyesho mangapi kwa wiki, na nipimwe tena lini na nani. Omba majibu kwa maandishi, kwa sababu kama bendi ina bima ya kufutwa kwa maonyesho, kampuni ya bima kwa kawaida itataka cheti cha daktari aliyekuona kabla ya onyesho kufutwa, na promota naye atazungumza nanyi kwa utulivu zaidi akiwa na karatasi hiyo mkononi. Meneja wenu asome masharti ya bima leo, kabla hujapiga simu kliniki.